Kuzungumza kwa Kiingereza kuhusu tuliyoyasoma gazetini

Msomaji wa Arusha aliuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Arusha, na katika chumba chetu tumo Watanzania, Wakenya, Waganda na Mwingereza mmoja. Kwa kuwa wenzetu wa Uganda hawajakizoea Kiswahili, saa nne ikifika na chai ikiletwa, mazungumzo yote huwa ya Kiingereza, na mara nyingi huanzia gazetini, kwani mezani hapakosekani The Citizen au Daily News, na mara kwa mara huwapo The EastAfrican, lile la kila wiki linalotoka Nairobi. Watu huzungumzia bei ya mafuta, msongamano wa malori mpakani Namanga, matokeo ya mpira na mambo ya serikali zetu, kila mmoja kwa wepesi.

Mimi gazeti la Kiingereza nalisoma na kulielewa, na barua za kazi naziandika bila msaada wa mtu. Kinachonikwamisha ni kuitoa mdomoni habari niliyoisoma ikawa maongezi. Nikijaribu, hutoka kichwa cha habari vilevile kilivyochapishwa, kisha nanyamaza, na mwenzangu anakosa la kudakia. Akianza yeye, na habari yenyewe nimeshaisoma, najibu "yes" na maongezi yanaishia hapo. Naomba wenye uzoefu wanieleze jinsi mtu anavyoianzisha habari ya gazetini katika Kiingereza cha kila siku, jinsi anavyomwitikia aliyeianzisha, na kama ule ushauri tuliopewa shuleni wa kukariri tahariri una manufaa yoyote katika jambo hili.

Mwalimu wa Lugha, Morogoro, alijibu:

Ndugu Msomaji, nashukuru kwa swali lako, kwa sababu wanafunzi wangu wengi hukwama papo hapo ulipokwama wewe na hudhani kwamba wamepungukiwa na msamiati.

Nianze na hicho kichwa cha habari. Lugha ya vichwa vya habari haisemwi na mtu yeyote, si katika Kiingereza tu bali hata katika Kiswahili. Tazama magazeti yetu yanavyotandazwa asubuhi kwenye meza ya muuzaji: "Bei ya petroli yapanda", "Waziri awaonya wafanyabiashara", "Simba yatinga fainali". Mambo hayo yote yamekwisha kutokea, lakini mhariri ametumia ile hali isiyodhihirika ya -a-, kwa kuwa ni fupi na huifanya habari ionekane mpya. Sasa jiulize kama umewahi kumsikia mtu akiingia nyumbani na kumwambia mkewe, "Mama Asha, bei ya sukari yapanda." Atasema, "Bei ya sukari imepanda tena." Bila kufundishwa darasani, sisi sote tunajua kuugeuza usemi wa gazeti kuwa usemi wa sebuleni.

Kiingereza nacho kimegawanyika vivyo hivyo, na karibu mahali palepale. Gazeti huandika "Fuel prices rise", nawe ukiwa na kikombe mkononi unasema "Fuel prices have gone up again." Gazeti huandika "Minister warns traders", nawe unasema "The minister has warned traders." Jambo ambalo bado halijatokea huandikwa kwa kitenzi kisichotajiwa wakati, "President to visit Kampala", na mdomoni huwa "The President is going to visit Kampala." Kauli ya kutendwa hupunguzwa hadi kubaki neno moja, "Two held over gold theft", ambayo katika maongezi hurudishiwa viungo vyake vyote: "Two people have been arrested over some stolen gold." Utaona kwamba kazi yako ni kurejesha vile vijineno ambavyo mhariri ameviondoa ili kichwa kiweze kukaa katika safu: "the", "a", "have", "are".

Maneno yenyewe pia hubadilika. "Probe", "bid", "axe" na "row" hupendwa na wahariri kwa sababu ya ufupi wake, lakini katika mazungumzo ya kawaida mtu husema "investigation" badala ya "probe", na "argument" badala ya "row", hasa kwa kuwa "row" yenye maana ya ugomvi hutamkwa kwa sauti ya "now", tofauti na "row" yenye maana ya mstari, na aliyezoea kuisoma tu huitamka isivyo.

Hapa upo mtego mmoja unaotokana na lugha yetu. Kiambishi chetu cha -me- hakigombani na wakati uliotajwa. Watu wengi husema "Waziri amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakiruhusu hivyo. Ukishataja "yesterday", "last week" au "on Monday", "has arrived" lazima iondoke na nafasi yake ichukuliwe na "arrived". Kwa hiyo habari hufunguliwa kwa "have" bila kutaja siku, "They've closed the bridge", na maelezo yanayofuata, yanayotaja siku na saa, huendelea kwa wakati uliopita: "They closed it on Monday night, after the rain." Mfululizo huo wa sentensi mbili, moja ya kufungua na moja ya kueleza, ndio uti wa mgongo wa mazungumzo unayoyatafuta.

Kuhusu zoezi, ninao ushauri ambao wengi huupuuza. Wewe umekua ukisikiliza mapitio ya magazeti redioni kila asubuhi, ambapo mtangazaji husoma kichwa cha habari kama kilivyo, kisha huiacha lugha ya gazeti na kuwaeleza wasikilizaji kwa maneno yake mwenyewe kilichotokea. Fanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Soma kichwa kwa sauti, funga gazeti, kisha eleza kwa sentensi chache kilichotokea, mahali kilipotokea na sababu iliyotajwa. Usiruke ile hatua ya kulifunga gazeti, maana likibaki wazi jicho litaendelea kukuongoza na mdomo utabaki mtumwa wa maandishi.

Chagua pia habari ambazo unajua zitakuja. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, hutangaza zake tarehe 14 ya kila mwezi. Bajeti za nchi zetu husomwa Juni. Hizo ni habari ambazo wenzako watazizungumza bila shaka yoyote, na unaweza kujiandaa nazo jioni ya kuamkia siku hiyo, ukayafanyia mazoezi maneno yake na hasa tarakimu zake, kwa kuwa tarakimu tunazozisoma kimyakimya kwa Kiswahili hutukwama tunapotakiwa kuzitamka kwa Kiingereza.

Tahariri usizikariri. Kizazi chetu kilikua na Daily News, lililoanza mwaka 1972 baada ya The Standard na The Nationalist kuunganishwa, na tulizichota humo sentensi ndefu za kuandikia insha, nazo zilitufaa katika mitihani. Lakini tahariri huandikwa ili isomwe, na mtu anayesema "It is incumbent upon the authorities" huku akikoroga sukari huwafanya wenzake wadhani kwamba anahutubia. Soma badala yake ukurasa wa barua za wasomaji, ambako watu wa kawaida huuliza, hulalamika na hubishana kwa sentensi zinazokaribia usemi.

Mkalimani wa Mombasa aliongeza:

Mwalimu ameyasema yale makubwa, nami naongeza madogo ambayo husikika upesi sana katika Kiingereza chetu sisi wa pwani na bara.

Kiambishi chetu cha -ni hubeba kila kitu: gazetini, ukurasani, redioni, mpakani. Kiingereza hugawa, na mgawanyo wake hauna budi kuzoewa kwa sikio: "in the paper", lakini "on page three", "on the radio", "at the border". Kadhalika "news" huchukua kitenzi cha umoja hata kama umesoma habari kumi, kwa hiyo ni "The news is good", ilhali sisi husema "habari hizi" na kuihamisha "hizi" hiyo katika Kiingereza.

Tena kuna suala la jinsia. Kiwakilishi chetu "yeye" hakibagui mwanamume na mwanamke, na hivyo mtu mwenye kuelewa kabisa kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ni mwanamke hujikuta katikati ya maelezo marefu akisema "he". Dawa yake ni kuanza sentensi ya pili kwa cheo badala ya kiwakilishi, "The President said", mpaka ulimi utulie. Na ukishamtaja mtu usimrudie kwa kiwakilishi: "The minister he said" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza, kwa kuwa ndani ya "waziri alisema" tunayo ile a- ya mtendaji, ambayo Kiingereza hakiihitaji.

Mkazi wa Birmingham alijibu:

Ndugu yangu wa Arusha, nami ni mzaliwa wa Tanga ambaye sasa anaishi Uingereza, na swali lako la pili, lile la kuitikia, ndilo ninalotaka kulikalia, kwa sababu nimeona kwamba maongezi mengi ya gazeti huokolewa au hupotezwa na yule anayesikiliza.

Hapa, watu wanaopanda treni na mabasi asubuhi huchukua gazeti la Metro, ambalo hutolewa bure tangu mwaka 1999, na likifika kazini huwa limeshasomwa na nusu ya ofisi. Hata hivyo, sijamsikia mtu akitangaza habari kama mtangazaji. Huanza kwa kuuliza: "Have you seen this thing about the trains?" au "Did you see that story about the school?" Waingereza huelekea kwenye "Have you seen", Wamarekani kwenye "Did you see", na zote mbili zitakubaliwa mezani kwenu. Neno "thing" au "story" katika swali hilo linafanya kazi kubwa, kwa kuwa linamwachia mwenzako nafasi ya kusema kwamba ameona au hajaona, na kwa vyovyote vile ameshaingia katika mazungumzo.

Sasa ukiambiwa wewe habari, Kiswahili kina hazina ya viitikio: "Kumbe!", "Ala!", "We!", "Masikini!", "Usiniambie!" Kiingereza hutumia njia tofauti, yaani hukichukua kitenzi kisaidizi cha msemaji na kumrudishia kama swali fupi. Akisema "They've closed the bridge", unaitika "Have they?" Akisema "The minister resigned", unaitika "Did he?" au "Did she?" Akisema "It's going to cost millions", unaitika "Is it?" Maswali hayo hayaombi jibu, yanamwambia msemaji kwamba umemsikia na kwamba aendelee. Anayejibu "yes" peke yake amefunga mlango bila kukusudia, kwa kuwa "yes" humwambia mwenzake kwamba jambo hilo linajulikana na halina haja ya kuendelezwa.

Natoa mfano wa mazungumzo ya aina hiyo, nikichukua habari ya mafuta aliyoitaja Mwalimu:

Mwenzako: "Petrol's gone up again, I see."

Wewe: "Has it? I haven't seen today's paper. By how much?"

Mwenzako: "About a hundred shillings a litre, it says here."

Wewe: "That's a lot. Does it say why?"

Mwenzako: "Apparently it's the world price, and the dollar."

Wewe: "I suppose the daladala fares will be next."

Angalia jinsi mtu ambaye hakulisoma gazeti alivyoweza kushiriki kikamilifu. Ameitika kwa "Has it?", ameuliza kiasi, ameuliza sababu, kisha ameihusisha habari na maisha ya hapo walipo. Ile sentensi yake ya mwisho ndiyo inayowavuta wengine, kwa sababu si kila mtu ana gari lakini kila mtu ana maoni kuhusu nauli.

Tena angalia "it says here" na "apparently". Msemaji anajitenga na habari: si yeye aliyesema, ni gazeti. Sisi tunayo "inasemekana", "nasikia" na "eti", lakini "eti" mara nyingi hubeba kejeli au kutoamini, ilhali "apparently" haimdhihaki aliyeandika wala haimthibitishi. Nakushauri uizoee, kwa kuwa unaishi na watu wa nchi nne, na habari za serikali zao si vema kuzisimulia kana kwamba ulikuwapo.

Jambo la mwisho ni la mpira, na ni dogo. Waingereza huihesabu timu kama watu wengi na kusema "Simba have won", ilhali Wamarekani husema "has won". Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miaka yote hiyo watani hao hawajawahi kukosa la kuandikiwa, kwa hiyo kama mnao wapenzi wa timu hizo hapo ofisini, ukurasa wa michezo ndio mlango mwepesi kuliko yote wa kuingilia.

Msomaji wa Arusha aliandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Mwalimu, shikamoo. Ile tofauti ya "yapanda" na "imepanda" imenifungua macho, na jana nimelifunga gazeti na kujieleza habari ya bandari kwa sauti kabla ya kulala.

Yamebaki mawili. Kwanza, magazeti ya Kiingereza huandika "dies" hata anapofariki mtu mkubwa na mwenye heshima zake, nami neno hilo huniwia zito kulitamka mbele za watu. Pili, wenzangu wakifika kwenye siasa na mmoja akasema jambo nisilokubaliana nalo kuhusu nchi yangu au yake, nifanyeje nisionekane nimekubali na wala nisiharibu urafiki wa ofisini?

Mwalimu wa Lugha, Morogoro, alijibu:

Marahaba, ndugu yangu.

Uzito unaousikia ni wa Kiswahili, na ni uzito wa adabu, kwa hiyo usiuonee aibu. Kwetu mtu amefariki dunia, ametutoka au ameaga dunia, na "amekufa" ikitumiwa kwa mtu mzima mwenye heshima huwakera wasikilizaji. Kiingereza hakina ukali huo katika "died", na kwa mtu wa umma ambaye habari yake imo gazetini unaweza kusema "I see the old judge has died" bila kumvunjia heshima yeyote. Lakini aliyefariki akiwa ni ndugu au rafiki wa mmoja wa walioketi hapo, badilisha na useme "passed away", kisha umgeukie mwenye msiba: "I'm so sorry to hear that."

Hapo kwenye "sorry" pana angalizo. Sisi tuna "pole", ambayo humfaa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyechoka na aliyeibiwa, nasi huitafsiri kwa "sorry" kila mahali. Mkenya na Mganda watakuelewa mara moja, kwa kuwa nao hufanya hivyo, lakini Mwingereza wenu anaweza kudhani kwamba unaomba radhi kwa ajali ambayo hukuisababisha. Kwa habari mbaya ya watu msiowajua, iliyosomwa tu gazetini, kama vile basi lililopinduka au nyumba zilizochukuliwa na mafuriko, sema "How awful" au "Those poor people", kisha uulize kama idadi ya waliookolewa imetajwa.

Kuhusu siasa, usilazimike kuchagua kati ya kukubali na kupinga. Mwenzetu wa Birmingham amekuonyesha jinsi ya kulitaja gazeti badala ya nafsi, na njia hiyo hufaa zaidi hapa. Badala ya kusema "You are wrong", ambayo hata kwa Kiingereza ni ukali mkubwa kati ya watu wanaokula pamoja, sema "I'm not so sure" na utoe ulichokisoma: "The piece I read said something different." Mkinzane juu ya maandishi mawili, msikinzane ninyi wenyewe. "Do you think so?" nayo humpa mwenzako nafasi ya kulilegeza alilolisema, na wengi huitumia nafasi hiyo, mradi uiseme kwa sauti ya upole, kwa kuwa ikisemwa kwa sauti ya juu hugeuka kuwa shutuma.

Na ukiwa huna la kusema, au mada ni ya nchi ya mwenzako na wewe ni mgeni ndani yake, ipo sentensi ya kweli na ya heshima ambayo hakuna atakayekulaumu kwa kuitumia: "I've only seen the headline, so I can't really say." Ukishaisema, muulize yeye, "What did the rest of it say?", umwache aeleze, na ujibu kwa yale maswali mafupi uliyofundishwa hapo juu. Anayeeleza habari ya nchi yake kwa msikilizaji makini mara nyingi huzungumza taratibu na kwa uwazi kuliko anayebishana, na katika maelezo hayo utayapata maneno mengi ambayo gazeti lenyewe halikuyachapisha.